Sambusa haina nyama, mafuta je?

Msomaji wangu, ukishuka daladala Mwenge jioni, harufu ya sambusa inakupokea. Wagonjwa wangu wa presha hunijibu: “Daktari, nyama niliacha, nakula za dengu tu.” Vizuri, lakini manda ikizama kwenye mafuta huyanywa, ndani kuwe na nyama au dengu.

Nyumbani chemsha dengu ziive, chuja maji, changanya na karoti, kitunguu, hoho na chumvi kidogo. Funga kwenye manda, paka mafuta kiasi, oka nyuzi 200 kwa dakika 20 hivi, ukigeuza. Huna oveni? Weka mkaa juu na chini, kama unavyooka keki.

Kamulia limau: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu. Chai huyazuia, basi isubiri saa moja.