SOMO LA REDIO: KUSOMA CHUPA YA KOSHERI

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni kwa herufi kubwa: KOSHER. Sisi tutasema kosheri. Ni neno la Kiebrania, maana yake kitu kinachofaa, yaani chakula au kinywaji kinachoruhusiwa na sheria ya dini ya Wayahudi.

Pengine wauliza, "Neno hilo lanihusu nini?" Tuseme wewe wafanya kazi ya kuandalia meza hotelini. Mgeni Myahudi amekuja na chupa yake ya divai. Kwa adabu njema unaifungua na kummiminia. Mgeni anaitazama bilauri, wala hainywi. Hukukusudia ubaya, lakini kwake divai ile haifai tena. Kwa nini?

Watu wengine hudhani kwamba Myahudi amekatazwa pombe. Sivyo. Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, baba wa nyumba hushika kikombe cha divai na kukisomea baraka. Kwa kuwa divai ina kazi katika ibada, huchungwa kuliko vinywaji vingine vyote. Zamani watu wa mataifa waliimwaga mbele ya miungu yao, na kwa hiyo marabi, walimu wa sheria, walikataza divai iliyoshikwa na wasio Wayahudi. Tena walitaka kuzuia karamu ambazo zingeleta ndoa na watu wa dini nyingine. Basi hata leo, tangu zabibu zinapokamuliwa mpaka chupa inapozibwa, kazi hufanywa na Wayahudi washikao Sabato. Vitu vya kuisafishia divai navyo huchunguzwa, maana viwanda vingine hutumia ute wa mifupa ya wanyama, au kibofu cha samaki.

Chupa ikifunguliwa, sheria hii ya mikono bado ipo. Ndiyo iliyokunasa wewe hotelini! Lakini divai iliyopikwa haikufaa madhabahuni, kwa hiyo mtu ye yote aweza kuimimina. Siku hizi viwanda huipasha moto mkali kwa muda mfupi sana, kisha huipoza upesi, ili ladha isipotee. Kwenye karatasi ya chupa huandikwa M-E-V-U-S-H-A-L, maana yake "imepikwa". Litafute neno hilo kabla ya kugusa kizibo. Likiwapo, mimina. Lisipokuwapo, mpe mgeni chupa na kizibuo afungue mwenyewe. Hatakuona mvivu.

Bia ni jambo jepesi. Ikiwa ni ya kawaida, ya shayiri, hopsi, hamira na maji tu, Wayahudi wengi washikao dini huinywa hata kama chupa haina alama. Iliyotiwa ladha nyingine ndiyo huulizwa. Wiski pia ni ya nafaka, lakini kuna wiski iliyolazwa katika mapipa yaliyokuwa na divai, na hapo marabi hawapatani. Usimwamulie mgeni, msomee karatasi, achague. Na brandi je? Msidanganywe na ukali wake. Brandi ya zabibu imetokana na divai, basi hufuata sheria ya divai.

Sasa alama. Chupa nyingi zina herufi U ndani ya duara. Ni alama ya Orthodox Union, chama cha Wayahudi huko New York, Marekani, ambacho hukagua viwanda. Pembeni yake huenda ukaona P. Hiyo ni ya Pasaka ya Wayahudi, siku saba katika Israeli, nane kwingineko. Siku hizo kilichochachuka kwa ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo hakikai nyumbani mwao. Bia huondolewa, na wiski pia. Divai hubaki, tena usiku wa kwanza kila mtu hunywa vikombe vinne.

Haya, kila mmoja achore daftarini duara lenye U, na P pembeni. Kisha jibuni swali hili: Ni siku ya Pasaka. Mgeni Myahudi ameagiza brandi, na chupa uliyo nayo ina U ndani ya duara, lakini haina P. Utamwambia nini?