Wiski ya kabatini: mgeni anataka kuona chupa ikifunguliwa mbele ya macho yake

Katika saloni nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi kuna kabati ya vioo, na ndani yake, juu ya sahani za harusi, chupa za wiski zimesimama. Moja ililetwa na shemeji aliyepita kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe. Ingine ilibaki kwenye mahari ya dada mkubwa. Ya tatu iko ndani ya karatoni yake mpaka leo, na watoto wamekatazwa kuigusa. Kila wiki mtu anapanguza vumbi, lakini kufungua, hapana. Mgeni anakaa chini, anaziangalia, kisha analetewa bia.

Mwenye nyumba ukimuuliza sababu, anajibu karibu sikuzote jambo moja: wiski inazeeka, na ikizeeka inakuwa nzuri zaidi. Anangojea siku kubwa.

Kungojea siku kubwa ni haki yake. Lakini ile sababu ya kwanza si kweli. Wiski inazeeka ndani ya pipa la mti wa mwaloni, haizeeki ndani ya chupa. Sheria ya Scotland inaomba wiski ilale ndani ya pipa kwa miaka isiyopungua 3, na isiwekwe kwenye chupa ikiwa na kilevi chini ya asilimia 40. Katika miaka hiyo mti unaipa rangi, harufu na utamu, na kila mwaka karibu asilimia 2 ya ile pombe inapotea hewani. Wenyeji huita hicho kipande fungu la malaika. Siku wiski inapotiwa kwenye chupa ya kioo, ile kazi inasimama. Namba 12 kwenye karatasi ya chupa inamaanisha kwamba wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo ilikaa miaka 12 ndani ya pipa. Ukiinunua leo na kuifungua nyuma ya miaka 20, utakunywa wiski ya miaka 12, hata kama wewe mwenyewe umeota mvi.

Kwa hiyo baba anayeweka chupa kwa ajili ya siku binti yake atakapoolewa anaweka kumbukumbu. Hilo ni jambo zuri, lakini asidhani kwamba kinywaji kinaendelea kupata faida kabatini. Kinaweza hata kupata hasara. Jua linalopita dirishani linaharibu rangi na ladha. Chupa yenye kizibo cha koki ikilazwa kama chupa ya mvinyo, pombe kali inakula kile kizibo polepole, na siku ya kufungua kinavunjika vipandevipande. Wiski inasimamishwa wima, mahali penye kivuli, mbali na jiko. Joto la Uvira ao Kalemie si joto la Butembo. Kule chini kwenye ziwa Tanganyika afazali kabati ikae kwenye ukuta usiopigwa na jua la mangaribi.

Na chupa ikiisha kufunguliwa, adui ni hewa. Ikiwa bado imejaa zaidi ya nusu na imefungwa vizuri, inaweza kukaa mwaka mzima bila mabadiliko makubwa. Ikibaki robo tu, hewa ndani ni nyingi kuliko kinywaji, na katika miezi michache ladha inalala. Ndiyo sababu watu wanaokusanya wiski kwa mapendo, Ulaya ao Japani, hawapendi chupa zenye robo. Wanaalika marafiki, wanazimaliza, kisha wanafungua zingine. Ao wanahamisha ile robo ndani ya kichupa kidogo safi, na kuandika juu yake jina na tarehe.

Hapa kwetu lakini kuna neno ambalo vitabu vya wiski havilizungumzii.

Kule Ulaya, mtu mwenye chupa 10 anaweza kuwa amezifungua zote. Rafiki akifika, anamimia kidogo ya hii, kidogo ya ile, na kila mmoja anafurahi. Hakuna anayeuliza nani alikunywa humo jana. Kivu si hivyo. Katika baa ya Bukavu ao Goma, mhudumu anayeleta bia iliyokwisha kufunguliwa anairudisha na kuleta ingine. Kifuniko kinatolewa mbele ya mnywaji. Katika nyumba za vijijini, kasiksi ikiletwa, mwenye nyumba anaonja kwanza, ndipo kibuyu kinapita kwa wengine. Sababu kila mtu anaijua, hata asiyependa kuitamka: watu wanaogopa sumu, ile wanayoita karuho. Kama ni kweli mara ngapi, na mara ngapi ni ugonjwa mwingine uliopewa jina hilo, hayo ni mazungumzo ya siku ingine. Ila woga upo, na adabu ya mezani ilijengwa juu yake.

Basi ile raha ya kuonjesha wageni chupa tano zilizofunguliwa tayari inagongana na adabu yetu. Mwenye nyumba anaona amewapa mali yake. Mgeni anaona chupa iliyopungua, asiyojua ilipungua wapi. Anasema «asante, tumbo linaniuma kidogo», na mwenye nyumba anavunjika moyo. Nimeona urafiki ukipoa kwa kitu kidogo namna hiyo, hakuna aliyekosa, na hakuna aliyesema wazi.

Dawa yake haiko mbali, iko katika ile desturi ya kasiksi. Chupa iletwe mezani, isimiminwe jikoni. Glasi ziwe tupu mbele ya wote, zikauke. Mwenye nyumba ajimiminie wa kwanza kutoka chupa ileile, anywe, ndipo awamiminie wengine. Katika nyumba zingine mzee anamwanga kwanza matone chini kwa ajili ya waliotangulia. Hilo nalo, mbali na heshima kwa mababu, linaonyesha wazi kinachotoka ndani ya chupa. Mgeni akitaka kuchagua mwenyewe glasi yake, aachwe achague. Na akisema atakunywa maji ao sukre iliyofungwa, aletewe bila swali la pili. Hajakutukana. Anafuata jambo alilofundishwa na mama yake.

Kwa mgeni anayefika mara ya kwanza, ao kwa wakwe, njia nzuri ni kuvunja muhuri wa chupa mpya hapohapo, na kuimaliza katika kikundi hichohicho siku hiyo ao siku ya pili. Zile chupa zilizobaki nusu zibaki za marafiki wa karibu, wale waliokuwapo siku zilipofunguliwa. Ni mpango mdogo tu, lakini unamuepusha kila mtu na haya.

Woga wa chupa iliyofunguliwa una sababu ya pili, na hiyo haitegemei uchawi wala chuki ya jirani. Chupa tupu za wiski zenye jina kubwa zinauzwa. Mtu anazinunua kwa feza kidogo, anatia ndani kanyanga ao pombe yoyote iliyopakwa rangi ya karameli, anabandika kifuniko, na chupa inarudi sokoni ikiwa na sura yake ya zamani. Mara nyingi mnunuzi anapata kichwa kuuma na hasara ya feza. Lakini kukiingizwa humo metanoli, ile pombe ya viwandani inayotumiwa kutengeneza rangi na vimumunyisho, ni kifo. Metanoli haitofautiani na pombe ya kawaida kwa macho, na harufu yake inakaribiana nayo. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Ubaya wake ni kwamba dalili zinachelewa: mtu analala kama mlevi wa kawaida, na nyuma ya saa 12 ao 24 anaanza kuona ukungu mbele ya macho, kupumua kwa haraka, kutapika, tumbo kuuma sana. Huyo anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, pamoja na chupa aliyokunywa, na wote waliokunywa naye wanakwenda pia hata kama wanajisikia vizuri. Dawa iko, lakini inafaa ikitolewa mapema. Maziwa, mayai mabichi na maombi peke yake havitoshi.

Kuna watu wanaosema unaweza kuitambua wiski mbaya kwa kutikisa chupa na kuhesabu mapovu, ao kwa kuwasha kidogo kwenye kijiko na kuangalia rangi ya moto. Usitegemee hayo. Pombe nzuri na pombe yenye sumu zinaweza kufanana katika mambo yote mawili. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida: kununua kwa muuzaji unayemjua na ambaye utamkuta kesho, kuangalia kama muhuri haujakatwa na kugundishwa tena, kama karatasi imeandikwa bila makosa, kama chupa mbili za jina moja zimejaa kwa kiasi kilekile. Na bei. Chupa ambayo duka kubwa la mji linauza dola 40, ukiipata kwa 12 njiani, jiulize aliyekuuzia anapata faida wapi.

Tuje kwenye kumimina kwenyewe, kwa sababu hapo ndipo karamu nyingi zinaharibika. Tumezoea bia, na mkono uliozoea bia unamimina wiski kama bia. Piga hesabu kidogo. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye kilevi cha asilimia 5, ina pombe sawa na sentilita 9 za wiski ya asilimia 40, yaani vipimo vitatu vya sentilita 3. Chupa nzima ya wiski ya sentilita 70 ina pombe ya karibu chupa 8 kubwa za bia. Wanaume wanne wakiimaliza katika saa moja, kila mmoja amekunywa bia mbili kubwa kwa haraka, juu ya zile alizokunywa mbele. Kisha wanapanda moto kurudi nyumbani usiku.

Ikiwa unataka wageni waonje chupa tatu, sentilita 2 ya kila moja inatosha kabisa. Anza na ile laini, kwa mfano ya Ireland, ao bourbon ya Marekani, ambayo sheria inaomba itengenezwe kwa mahindi asilimia 51 ao zaidi na kulazwa katika mapipa mapya yaliyounguzwa ndani. Ndiyo maana ina utamu wa vanila. Ile yenye moshi iwe ya mwisho. Katika kisiwa cha Islay, Scotland, shayiri inakaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa vinamasi, na harufu inabaki ndani ya kinywaji. Mgeni wa Ulaya akiinusa mara ya kwanza anashtuka. Mtu aliyelelewa karibu na samaki za moshi anacheka tu, anaijua hiyo harufu tangu utoto.

Weka maji mezani, ya kunywa na ya kutia. Matone machache ya maji katika wiski yanafungua harufu yake, na mtu anayetia barafu ao koka hajakosa adabu. Ni glasi yake. Mimi naona ni vibaya zaidi kumcheka mgeni kuliko kuharibu wiski. Chakula kiwepo mapema, si mwisho. Karanga za kukaanga, sambaza, na hasa jibini ya Masisi iliyokauka kidogo, ambayo inapatana na wiski kuliko vitu vingi vinavyotoka mbali kwa ndege.

Na wale wasiokunywa wasiwekwe pembeni. Katika saloni moja unaweza kuwa na Mwislamu, Mkimbanguisti ambaye kanisa lake linakataza pombe, dada mwenye mimba, na kijana aliye kwenye dawa za kifua kikuu. Hawana deni la kueleza sababu yao mbele ya watu. Maji ya matunda yakiletwa katika glasi nzuri zilezile, hakuna atakayehesabu nani anakunywa nini. Wanaoficha chupa pasta akipiga hodi wanajijua, tuwaache.

Kisha wageni wakienda, inabaki chupa tupu. Zile za majina makubwa zina sura nzuri na mtoto wa jirani atakuja kuziomba ili auze. Ondoa karatasi kwa maji ya moto, ao ikwaruze kwa kisu mpaka jina lisisomeke, vunja kile kifuniko, kisha mpe. Ataitia mafuta ya mawese ao asali ya msitu, na hakuna atakayeinunua tena kama wiski.