Mmea wa Sebuleni Hauna Walinzi

Vidung'ata huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Hujibanza kwenye makwapa ya majani, pale kikonyo kinapoungana na shina, au chini ya jani kando ya mshipa mkuu. Mwenye nyumba huona kwanza jani linanata, kisha sakafu iliyo chini ya chungu nayo inanata, kisha sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye shina. Anapoinama kutazama vizuri ndipo anapokuta madoa meupe kama pamba. Kufikia hapo wadudu hao wamekwisha kaa wiki kadhaa.

Maua ya ndani yameenea sana mijini. Vitalu vya pembeni mwa barabara, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, vinauza krotoni, mipira ya pambo na mimea mingine mingi, na mnunuzi huondoka na chungu chake bila kuambiwa neno lolote kuhusu wadudu. Wakishatokea, ushauri wa kwanza anaopewa na jirani ni kwenda duka la pembejeo akanunue dawa ya nyanya apulizie. Ni ushauri mbaya, na ubaya wake unaeleweka mtu akimjua mdudu mwenyewe.

Kidung'ata ni mfyonzaji. Jike hana mabawa, urefu wake ni milimita 3 hadi 4, na mdomo wake ni mrija mwembamba anaouchomeka kwenye mmea na kunyonya utomvu. Hunyonya sukari nyingi kuliko anayoihitaji, na ziada huitoa ikiwa maji matamu. Hayo ndiyo yanayonata. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi ambao hauli jani, lakini hulifunika lisipate mwanga. Jike wa Planococcus citri, mojawapo ya aina zinazosumbua sana mimea ya ndani, hutaga mayai mia kadhaa ndani ya kifuko cha nyuzi za nta. Penye joto, mayai huanguliwa kwa takriban wiki moja hadi siku 10, na watoto hutembea wakitafuta pa kuchomeka midomo. Kipindi hicho kifupi, kabla nta haijawafunika, ndicho wanachokufa kirahisi. Wakishavaa nta, maji huteleza juu yao, na dawa nyingi za kupuliza huteleza vilevile.

Sasa jiulize kwa nini krotoni iliyopandwa uani huishi miaka mingi bila mtu kuihangaikia, ilhali ndugu yake wa sebuleni anadhoofika. Uani mvua huwaosha wadudu. Kuna mbawakawa wadogo wa mviringo wanaowala. Kuna pia nyigu wadogo mno, wasiomuuma mtu, ambao hutaga mayai yao ndani ya mwili wa kidung'ata, na kinachoanguliwa humla kutoka ndani. Mvua haifiki sebuleni, na wavu wa dirishani uliowekwa kuzuia mbu huwazuia pia wengi wa walinzi hao.

Wakulima wa kahawa wa Kenya waliujua umuhimu wa walinzi hao kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1920 kidung'ata mgeni alizuka katika nyanda za juu, akashambulia kahawa na mazao ya chakula pia. Wakulima walizungushia mashina utepe wa kunata ili sisimizi wasipande, maana sisimizi huyapenda yale maji matamu na huwafukuza maadui wa kidung'ata ili waendelee kuyapata. Wataalamu nao walidhani mdudu huyo ni aina ileile inayoishi Asia, wakamtafutia maadui huko, wasifanikiwe. Mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley ndiye aliyebaini kuwa ni aina nyingine kabisa, iliyotoka Uganda, nchi ya jirani tu. Mwaka 1938 wakaletwa nyigu kutoka Uganda, wakaachiwa mashambani, na janga likapungua. Kidung'ata huyo anaitwa Planococcus kenyae. Miongo minne baadaye kidung'ata wa mihogo alipoenea Afrika, nyigu wa kumdhibiti alipatikana Paraguay, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kwa hiyo anayeleta mmea ndani amechukua kazi ya nyigu na ya mvua. Kazi hiyo hufanywa kwa mikono.

Utenge mmea ulioshambuliwa siku hiyohiyo, chumba kingine au barazani penye kivuli, kwa sababu watoto wa kidung'ata huhama kupitia majani yanayogusana. Kata matawi yaliyozidiwa. Kisha chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, na umguse kila mdudu unayemwona. Spiriti huyeyusha nta na kumuua papo hapo. Ijaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri siku mbili, maana mimea mingine huungua; wala usiitumie juani. Urujuani wa Usambara, ua dogo la milima ya Tanga ambalo sasa linafugwa madirishani duniani kote, una majani yenye manyoya yanayoharibika upesi, kwa hiyo gusa mdudu tu, jani liache.

Baada ya hapo osha mmea wote kwa maji yenye sabuni laini ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ukihakikisha yanafika chini ya majani na kwenye makwapa. Baada ya saa moja au mbili usuuze. Mwarobaini pia unafaa: gramu 50 za unga wa kiini cha mbegu kwa lita moja ya maji, uloweke usiku kucha, uchuje, upulizie jioni, kwani jua huipunguza nguvu dawa yake. Hauui kwa ghafla. Huvuruga ukuaji wa watoto wasiweze kujivua ngozi.

Wengi hushindwa kwa kuacha mapema. Wanasafisha mara moja, mmea unapendeza, wanaridhika, na mayai yaliyobaki kwenye vifuko yanaanguliwa wiki inayofuata. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima hata kama huoni kitu. Sisimizi nao wazuie kwa kuweka chungu juu ya tofali lililo ndani ya sahani pana ya maji. Punguza mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwa kuwa machipukizi laini ndiyo chakula wanachokipenda. Mmea ukiendelea kunyauka ilhali majani ni safi, uchomoe utazame mizizi: wako vidung'ata wanaoishi udongoni. Hao ukiwakuta wengi, tia mmea na udongo wake kwenye mfuko, ufunge, utupe. Chungu kioshwe kwa maji ya moto kabla ya kupanda mmea mwingine.

Ile dawa ya nyanya ibaki shambani. Imepimwa kwa matumizi ya hewa ya wazi, kwa kipimo na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo. Sebuleni mvuke wake hubaki, hutua kwenye zulia na makochi, na mtoto anayetambaa huugusa na kutia vidole mdomoni. Hatari zaidi ni ile inayouzwa kwa kupunguziwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Hiyo usiinunue kabisa. Nchini Tanzania viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na nchini Kenya husimamiwa na bodi ya viuatilifu, PCPB. Usitumie kitu ambacho usajili wake huuoni kwenye chupa.

Wenye vitalu nao wana sehemu yao. Miche yenye vidung'ata itengwe, isichanganywe na mizima ili iuzwe upesi. Na wewe mnunuzi, geuza jani kabla hujatoa pesa, kisha mmea mpya ukae peke yake wiki 3 kabla ya kuuweka karibu na mingine.