HOMA YA BARIDI YABISI: CHANZO KOONI, MADHARA MOYONI

Neno "baridi yabisi" ni la zamani katika lugha yetu, na limehifadhi ndani yake elimu ya tiba ya karne nyingi zilizopita. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao wale wa Kiarabu, waliieleza asili ya vitu vyote kwa hali nne: joto, baridi, umajimaji na ukavu. Yabisi maana yake ni kavu. Mtu aliyeumwa viungo alihesabiwa kuwa amezidiwa na ubaridi na ukavu. Na hata leo wazee wengi humwonya mgonjwa asioge maji baridi wala asikae penye upepo wa alfajiri. Jina limebaki, lakini maelezo yake yamebadilika. Sayansi inatufundisha kwamba katika maradhi kadhaa yaitwayo baridi yabisi mkosaji ni jeshi la kinga la mwili wenyewe, linapowageukia raia wake.

Katika makala haya tutaeleza ugonjwa mmoja wa jamii hiyo, nao ni homa ya baridi yabisi, ambayo madaktari huiita pia homa ya rumatiki. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, huwashambulia zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wale walioko madarasani. Pili, ni mmojawapo wa magonjwa machache ya aina hii ambayo kichocheo chake kinajulikana kwa hakika. Na kichocheo kinachojulikana chaweza kuzuiwa.

Adui na raia

Msomaji wa biolojia anafahamu kwamba viini vya maradhi vinapoingia mwilini, chembechembe nyeupe za damu huvitambua kwa alama zilizo juu ya ngozi yao. Baadhi ya chembechembe hizo hutengeneza fingomwili, yaani protini zinazoshikamana na alama hizo kama ufunguo na kufuli. Chembechembe nyingine huvamia na kuua. Ili kazi hii iende salama, ni lazima askari hao wajue tofauti ya mgeni na mwenyeji.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alieleza kuwa mwili una namna ya kujihadhari usijidhuru wenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa wa mwili kujishambulia haungeweza kuwapo. Mwaka 1956 Noel Rose na Ernest Witebsky, wakifanya kazi mjini Buffalo, Marekani, walionyesha kinyume chake. Waliwadunga sungura dondoo ya tezi ya shingoni ya sungura, pamoja na dawa ya kuamsha kinga. Sungura hao walitengeneza fingomwili dhidi ya tezi zao wenyewe, na tezi hizo zikaharibika. Tangu hapo swali likawa jingine: ni jambo gani linalomfanya askari amkosee raia?

Kufanana kunakoponza

Kwa homa ya baridi yabisi jibu linaanzia kooni. Yuko bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A. Ukimtazama kwa hadubini utaona viduara vilivyoungana mfano wa shanga za tasbihi. Huenea kwa matone ya mate na makamasi mtu akohoapo au apigapo chafya, na hupendelea mahali ambapo watu wamesongamana: chumba kimoja cha familia kubwa, bweni, darasa lililojaa.

Juu ya ngozi ya bakteria huyu zimo protini na sukari za namna fulani ambazo umbo lake linafanana na la protini zilizomo katika moyo wa binadamu, ikiwamo miosini, protini inayowezesha misuli kujikunja. Mwili unapotengeneza fingomwili na chembechembe za kumwangamiza streptokoki, baadhi yake hushikamana pia na tishu za moyo, viungo, ngozi na ubongo. Ndiyo maana ugonjwa hautokei siku ile koo linapouma. Hutokea wiki 2 hadi 4 baadaye, maumivu ya koo yakiwa yamekwisha kusahauliwa, kwa sababu mwili huhitaji muda wa kuandaa jeshi lake.

Si kila mtoto mwenye streptokoki hupatwa. Katika milipuko iliyochunguzwa, ni wachache tu, kiasi cha watatu au pungufu katika kila 100 wasiotibiwa. Hurithiwa pia mwelekeo fulani wa kinga unaowafanya wengine wawe katika hatari zaidi. Lakini aliyekwisha kupatwa mara moja yumo katika hatari kubwa ya kupatwa tena kila streptokoki anapomrudia.

Mlango usiofungika

Maumivu ya viungo katika homa hii ni makali, lakini hupona bila kuacha kilema. Moyo hausamehewi hivyo. Moyo una vali nne, ambazo ni kama milango ya upande mmoja: damu hupita kwenda mbele, kisha mlango hufungwa ili isirudi. Kila vali hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku. Ile inayoathirika zaidi ni vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Ikivimba na kupona, huacha kovu. Shambulio la pili huongeza kovu juu ya kovu. Mwishowe mlango huwa haufungi sawasawa na damu huvuja kurudi nyuma, au kingo zake hushikamana na kuacha tundu jembamba tu la kupitisha damu.

Mtoto anaweza kuishi miaka mingi na vali yenye kovu asijue. Wengi hugundulika wakiwa vijana, wanapochoka upesi, wanapokosa pumzi wakilala chali, au wanapovimba miguu. Kwa wanawake mara nyingi ugonjwa hujitokeza katika ujauzito. Wakati huo kiasi cha damu mwilini huongezeka karibu nusu ya kile cha kawaida, na vali iliyokuwa ikijikongoja hushindwa kabisa. Duniani watu zaidi ya milioni 40 wanaishi na moyo ulioharibiwa kwa njia hii, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo.

Jinsi daktari anavyotambua

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema peke yake kwamba hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Mwaka 1944 daktari wa Kimarekani, T. Duckett Jones, alipanga dalili katika makundi mawili, na mpango wake, ukiwa umerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2015, unatumika hadi leo.

Dalili kuu ni tano. Ya kwanza ni moyo kuvimba. Ya pili ni viungo vikubwa kuvimba kwa zamu: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Ya tatu ni mwili kuchezacheza bila hiari, hali iliyoelezwa na tabibu wa Kiingereza Thomas Sydenham mwaka 1686. Ya nne ni vinundu vigumu visivyouma chini ya ngozi. Ya tano ni mabaka yenye kingo za mviringo, ambayo si rahisi kuonekana katika ngozi nyeusi. Dalili ndogo ni kama homa, maumivu ya viungo bila uvimbe, na vipimo vya damu vinavyoonyesha kuwa mwili una uvimbe wa ndani. Daktari hutafuta dalili kuu mbili, au moja kuu na mbili ndogo, pamoja na ushahidi kuwa streptokoki alipita karibuni. Siku hizi hupima pia moyo kwa ultrasaundi, kwa kuwa chombo hicho huona vali inayovuja hata pale ambapo sikio la daktari halisikii kitu.

Hapa ni vema kuonya jambo moja. Aspirini hutuliza maumivu ya viungo vya homa hii kwa haraka mno. Mtoto akipewa kabla ya kuchunguzwa, uvimbe haupati nafasi ya kuhama kutoka kiungo hadi kiungo, na daktari hunyimwa dalili yake muhimu.

Tiba na kinga

Shambulio likitokea, mgonjwa hupumzishwa, hupewa penisilini ili kumalizia streptokoki, na hupewa aspirini au dawa ya jamii hiyo kwa ajili ya viungo. Lakini hakuna dawa inayojulikana ya kufuta kovu la vali. Vali iliyoharibika sana hutengenezwa au hubadilishwa kwa upasuaji, na mwenye vali ya chuma hulazimika kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Kwa hiyo nguvu zote zinapasa kuelekezwa nyuma, kwenye kichocheo.

Ngome ya kwanza ni kutibu koo. Mwaka 1950 madaktari waliokuwa wakichunguza askari katika kambi ya anga ya Warren, Wyoming, Marekani, walitangaza kwamba penisilini ilipunguza sana idadi ya waliopatwa na homa ya baridi yabisi baada ya kuumwa koo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa hata dawa ikianza siku ya 9 bado huzuia. Sindano moja ya penisilini ya benzathini yatosha, au vidonge kwa siku 10 bila kukatiza.

Ngome ya pili ni ya yule aliyekwisha kuugua. Huyo hudungwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 3 au 4, ili streptokoki asipate nafasi tena. Mwongozo unaofuatwa na wengi huagiza iendelee angalau miaka 5 au hadi umri wa miaka 21, upi uwe mrefu zaidi. Na aliyebakiwa na vali mbovu, miaka 10 au hadi umri wa miaka 40, pengine maisha yote.

Je, sindano hizo zinasaidia hata kabla ya dalili kuonekana? Swali hili lilijibiwa kaskazini mwa Uganda, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021. Watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao ultrasaundi ilionyesha vali zao zimeanza kuharibika ingawa wao wenyewe hawakujisikia wagonjwa, waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 2, katika watoto 399 waliodungwa sindano kila mwezi, 3 tu ndio ambao hali ya vali iliendelea kuwa mbaya. Katika 400 wasiodungwa, walikuwa 33.

Tofauti na magonjwa mengine

Tulinganishe na ndugu zake. Watu wazima, hasa wanawake, hupatwa na baridi yabisi ya kudumu, ambayo huvimbisha viungo vidogo vya mikono yote miwili na kukakamaza vidole kila asubuhi. Lupasi huwapata zaidi wanawake vijana, nayo yaweza kugusa ngozi, viungo na figo. Watoto nao wana baridi yabisi yao ya viungo inayodumu wiki sita na zaidi. Katika magonjwa haya kichocheo cha kwanza hakijathibitishwa. Daktari hulazimika kulipunguza makali jeshi la kinga lenyewe kwa dawa kama methotreksati au, kwa lupasi, haidroksiklorokwini, iliyo jamaa wa dawa ya malaria. Dawa hizi zimewaokoa wengi, lakini huhitaji uangalizi wa karibu. Mgonjwa wa homa ya baridi yabisi ana bahati ambayo hao hawana: cheche iwashayo moto wake inafahamika, na maji ya kuizima yamekuwapo tangu miaka ya 1950.

Wajibu wa shule

Mwalimu ndiye amwonaye mtoto kila siku. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, nayo huandamana na mafua na kikohozi. Lakini mwanafunzi mwenye homa na koo linalouma ghafla, bila mafua, mwenye mafindofindo yenye usaha na tezi za shingo zinazouma akiguswa, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Kumkata kimeo hakumwondoi streptokoki. Huongeza hatari ya kuvuja damu na kuambukizwa.

Yuko pia mwanafunzi ambaye mwandiko wake unaharibika kwa muda mfupi, anayedondosha kalamu na kukunjakunja uso. Asiadhibiwe kwa utundu wala asidhaniwe kuwa amepagawa. Huenda ndiye yule aliyeelezwa na Sydenham. Na yule anayeomba ruhusa kila mwezi kwenda kudungwa sindano apewe bila kuulizwa mbele ya wenzake. Sindano hiyo inauma, na mtoto anayeonewa haya nayo huiacha upesi.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uko kooni, na huzibwa katika zahanati. Ukuta wake hujengwa katika chumba cha upasuaji wa moyo, kwa gharama ambayo wazazi wachache wanaimudu.