Mita 100 za Mto Rwizi

Mto Rwizi, kusini-magharibi mwa Uganda, unachimbuka katika vilima vya Buhweju, unateremka hadi Mbarara, unalitenga eneo la Nyamitanga na katikati ya jiji, kisha unaelekea Isingiro. Huko maji yake husambaa katika vinamasi na maziwa, yakiwamo Mburo, Nakivale na Kachera, kabla ya kushika njia ya Ziwa Victoria. Mbarara huteka maji ya bomba katika mto huu, kupitia mtambo wa Shirika la Kitaifa la Maji na Majitaka ulioko Ruharo. Kwenye kingo hizo hizo watu hufyatua matofali, huchimba mchanga, huosha magari na bodaboda, hunywesha ng'ombe, hulima mboga na migomba. Shughuli hizo zote zimewekewa masharti, ingawa anayezifanya mara nyingi huyasikia kwa mara ya kwanza siku anapoambiwa ahame.

Msingi wa masharti hayo ni Katiba ya Uganda ya 1995. Ibara ya 237 inasema ardhi ni mali ya raia, lakini mito, maziwa ya asili na ardhioevu hushikiliwa na serikali kama amana ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakazia kwamba serikali, iwe kuu au ya mitaa, haiwezi kuvigawa wala kuvikodisha; inaweza tu kutoa leseni au kibali cha kuvitumia. Vipimo vyenyewe vilikuja na kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Mito iliyotajwa katika jedwali la kanuni hizo, Rwizi ukiwa mmojawapo, ina ukanda wa hifadhi wa mita 100. Mito isiyotajwa ina mita 30.

Mita 100 zinahesabiwa kutoka wapi? Hapo ndipo wengi hukosea. Kanuni inataka kipimo kianzie pale maji yanapofika mto ukiwa umejaa kabisa, si pale yanapoonekana siku ya kupima. Anayevuta kamba mwezi Julai, mto ukiwa umenywea, atapata mstari ulio karibu mno na maji, na penye ukingo tambarare tofauti si ya hatua mbili tatu. Kwa maziwa hesabu hugeuka: huanzia maji yanapokuwa chini kabisa, na ukanda ni mita 200 kwa yaliyoorodheshwa, mita 100 kwa mengine. Tena pale mafunjo yanapoenea kupita mita 100 za mto, kanuni za ardhioevu zinaendelea hadi ardhioevu inapokoma. Mtu anaweza kuwa nje ya ukanda wa mto na bado akawa ndani ya katazo.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa hati. Ukanda wa hifadhi haumnyang'anyi mtu ardhi yake, bali unabana matumizi yake. Mwenye hati anabaki mwenye hati. Anaweza kuuza na kurithisha, na anayepokea hupokea pamoja na masharti. Hati iliyotolewa juu ya ardhioevu yenyewe baada ya 1995 ni jambo jingine, kwa kuwa aliyeitoa hakuwa na cha kutoa. Mnunuzi wa kiwanja karibu na mto hujiona salama akishapata mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1). Muhuri huo husaidia kuthibitisha nani ameuza na nani ni jirani. Hausemi lolote kuhusu kama hapo panaruhusiwa kujengwa.

Ndani ya ukanda, shughuli yoyote inahitaji idhini ya maandishi ya mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Neno la mdomo la ofisa, hata awe ofisa kweli, halitoshi. Kuchota maji ya nyumbani kwa ndoo ni haki ya kawaida, ila mitambo mikubwa ya kuvuta maji ina kibali chake chini ya Sheria ya Maji ya 1997. Katika ardhioevu kanuni zinaachia shughuli za jadi kama kukata mafunjo, kuchuma dawa za miti na kuvua kwa mitego na vikapu. Kufyatua matofali na kuchimba mchanga kibiashara si jadi, na sababu yake inaonekana kwa macho: shimo likishachimbwa ukingoni, mvua inayofuata hubomoa udongo uliobaki bila mizizi, tope huingia mtoni, na mtambo wa maji hulazimika kutumia dawa nyingi zaidi kuyasafisha.

Mbarara ilipopata hadhi ya jiji mwaka 2020, viwanja vya kando ya mto vilizidi kuvutia wajenzi. Sheria ya Upangaji wa Maeneo (Physical Planning Act) ya 2010 ilikwisha kuitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, hivyo ujenzi unahitaji idhini ya kamati ya mipango. Idhini hiyo haichukui nafasi ya ile ya NEMA, wala ile haichukui nafasi ya hii. Anayepata moja bila nyingine bado hana ruhusa.

Nakivale, ambako makazi ya wakimbizi yapo tangu 1958, ziwa linalindwa pia na Mkataba wa Ramsar, ulioorodhesha ardhioevu ya Mburo na Nakivale mwaka 2006. Mkimbizi aliyepewa shamba na Ofisi ya Waziri Mkuu ana haki ya kulitumia, si ya kuliuza wala kulikodisha, na shamba hilo haliwezi kumpa ufukweni ruhusa ambayo mwenye hati hana. Ila tope linaloletwa na mto halitoki kwake, na kumdai yeye peke yake alinde ziwa ni kuanzia mwisho wa mto.

Ukiukaji ukithibitika, NEMA inaweza kumtoza mhusika faini, kumfikisha mahakamani, au kumpa amri ya kurejesha mazingira. Amri hiyo humtaka aondoe alichoweka, afukie mashimo na aoteshe upya ukingo kwa gharama yake. Kanuni za 2000 zinataja njia za kurejesha kingo: kupanda miti na nyasi, matuta, matandazo na kudhibiti malisho. Kwa Rwizi inafaa kupanda miti ya asili na mianzi, ambayo mizizi yake hushika udongo vizuri. Mikaratusi huota haraka na huuzwa haraka, lakini hunywa maji mengi, na ikikatwa ukingo hubaki wazi tena.