Mabao Manne Yaliyonyamazisha Redio

Afikaye Makambako kutoka Dar es Salaam hupokewa na mambo mawili: baridi na njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo pia hupita reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976. Kwa sisi tuliokulia pale, Zambia haikuwa nchi ya kusomewa darasani tu. Ilikuwa ni upande mmoja wa reli.

Kwa hiyo mwaka 1979, kura ilipoikutanisha Simba ya Dar es Salaam na Mufulira Wanderers ya Zambia katika duru ya kwanza ya kuwania Klabu Bingwa Afrika, marehemu baba yangu alilichukua pambano hilo kama shauri la jirani na jirani. Alikuwa Simba wa damu. Mama hakuwa na timu. Alikuwa na mtoto vitani.

Ulikuwa mwaka wa vita. Majeshi yetu yalikuwa yameingia Uganda kumfukuza Idi Amin, na kaka yetu mkubwa alikuwa miongoni mwao. Madukani bidhaa zilikuwa adimu, betri zikiwamo. Redio yetu ilikula betri nne, na mama alizitunza kama mayai: kila asubuhi alizianika juani ili zirudishe nguvu, na jioni alizirudisha ndani ya redio kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Taarifa ikiisha, redio hufungwa. Alijua fika kwamba Radio Tanzania haitaji askari mmojammoja. Hata hivyo alisikiliza kila neno, mkono shavuni.

Siku ya mchezo wa kwanza, uliofanyika Dar es Salaam, baba alifungua redio mapema, wala hakuomba ruhusa. Majirani walijaa sebuleni na wengine wakasimama dirishani. Bao la kwanza la wageni lilipoingia, watu walicheka kidogo, wakasema bado mapema. La pili likanyamazisha dirisha. La tatu likaondoa majirani. La nne tulilisikia sisi wa nyumbani peke yetu, na sauti ya mtangazaji ilikuwa imefifia kwa sababu betri zilikuwa zinakata roho. Simba 0, Mufulira 4, tena nyumbani!

Baba alizitoa betri moja moja, akaziweka mezani. "Jina la timu hiyo lisitajwe tena ndani ya nyumba hii."

Mama alimtazama. "Baba watoto, umemaliza betri kwa mpira, na mtoto yuko vitani. Usiku huu tutamsikia wapi?"

Baba hakujibu. Nadhani hakuwa na jibu. Siku zilizofuata walisemeshana kwa kupitia sisi watoto: mwambie mama yako, mwambie baba yako.

Asiyefuatilia kandanda pengine atauliza kwa nini timu iliyofungwa hivyo irudi tena uwanjani. Utaratibu wa mashindano haya ya mtoano ni kwamba timu mbili hukutana mara mbili, kila moja ikicheza nyumbani na ugenini, kisha mabao yote hujumlishwa. Simba ilihitaji ushindi wa mabao manne bila ili isawazishe hesabu, na matano bila ili isonge mbele. Nani angeyapata matano ugenini, mbele ya Wazambia?

Usiku wa siku ya marudiano, baba alipanda kitandani mapema. Mama alichukua redio akaenda nayo jikoni, akazipasha betri kando ya mafiga, akaitega sikioni. Tuliona midomo yake ikitikisika, lakini hakusema lolote. Tukalala.

Kesho yake baba alikwenda stesheni kwa shughuli zake. Alirudi kabla ya saa sita, anatembea kama mtu anayefukuzwa na mvua. "Tano!" alipiga kelele akiwa bado nje ya uzio. "Tano bila! Thuwein Ally peke yake matatu!"

Mama aliendelea kusonga ugali. "Najua. Nimesikia tangu jana usiku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikataza jina lisitajwe."

Baba alicheka hadi akaketi chini. Siku ya pili yake alibeba viazi akaenda kuuza Njombe mjini, na jioni alirudi na betri mpya. Alimkabidhi mama mkononi, si mezani.

Simba hawakufika mbali mwaka ule. Duru iliyofuata waliondolewa na Racca Rovers ya Nigeria. Baba alisema ni afadhali hivyo kuliko yaliyowapata Yanga mwaka 1969, waliotoka sare ya 1-1 mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, kisha wakatolewa kwa kurusha sarafu. Kwa sarafu! Hata bao la kete lina haki kuliko hiyo. Kaka yetu naye alirejea salama, na swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa: ile tano bila tuliisikiliza?

Mkoa wa Njombe, uliozaliwa mwaka 2012, haujapata timu yake ya kucheza duru hizo. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, na watu wa Makambako walipanda magari kwenda kuishangilia; mwaka 2018 ilishuka. Hivyo tunaendelea kuazima furaha za Dar es Salaam, na huzuni zake pia.

Mama yu hai, na siku hizi kuna televisheni. Juzijuzi mjukuu wake mmoja aliizima kwa hasira baada ya timu yake kufungwa mchezo wa awali. Bibi alimwacha akae kimya kitambo, kisha akamwuliza:

"Marudiano ni lini?"