Nyumba ya mapumziko ya zamu: kununua kwa kampuni, au kwa mtu anayeiacha?



Familia nyingi za kwetu leo zina mtoto, dada au wifi anayeishi Marekani, Kanada au Ulaya. Tunaongea nao kwa simu kila juma, na mambo makubwa ya pesa hatuyakati bila kuulizana. Katika maswali yanayotoka kwao kuna moja ambalo kwetu ni geni. Ndugu amealikwa na kampuni anunue juma moja la mapumziko katika nyumba nzuri karibu na bahari, kila mwaka, maisha yake yote. Rafiki yake wa kazini anamwambia asinunue kwa kampuni, maana kuna watu wanaouza ya kwao kwa bei ndogo kabisa. Anauliza: nifuate njia gani?

Swali hili si la huko tu. Pesa ambayo ndugu atajifunga kulipa kila mwaka ni ile ile inayosaidia minervale ya sekondari, dawa za bibi na kodi ya nyumba hapa kwetu. Kwa hiyo inafaa tulielewe.

Kinachouzwa ni nini?

Huko wanaita biashara hii taimushea. Sisi tuiite nyumba ya zamu. Ilianza Ulaya katika miaka ya 1960, na Ufaransa iliingia katika milima ya Alps, mahali paitwapo Superdévoluy, ambapo watu walitaka chumba cha uhakika wakati wa theluji. Katika miaka ya 1970 ikafika Florida, Marekani, na huko ndiko ilikopanuka sana.

Mpango wenyewe ni huu. Nyumba ni moja, mwaka una majuma 52, basi nyumba hiyo inauzwa kwa watu wapatao 50. Kila mmoja ana juma lake. Siku hizi kampuni nyingi haziuzi juma bali pointi: unapewa pointi kila mwaka, nawe unazitumia kupata chumba hapa au pale.

Sisi tunaojua likelemba tunaweza kuelewa haraka, ila kuna tofauti moja kubwa. Katika likelemba, kila mtu akishapata zamu yake mzunguko unakwisha, na anayetaka kutoka anatoka. Katika nyumba ya zamu, mchango hauna mwisho. Juu ya bei ya kununua, kila mwaka unalipa pesa ya matunzo: rangi, paa, maji, umeme, wafanyakazi, kodi. Marekani pesa hiyo kwa kawaida inapita dola 1,000 kwa mwaka, na kila baada ya muda inapanda. Unalipa hata mwaka ambao hukwenda, hata ukiwa mgonjwa, hata ukiwa umefukuzwa kazi. Mikataba mingine ina mwaka wa kumalizika. Mingine imeandikwa kuwa ya milele.

Jambo hilo tulishike kwanza, kwa sababu linabaki lile lile, ununue kwa kampuni au kwa mtu.

Kununua kwa kampuni

Kampuni huanza na zawadi. Unaalikwa upate chakula cha asubuhi, tiketi au hoteli ya bei ndogo, kwa sharti usikilize maelezo ya saa moja na nusu. Ukiwa umeolewa, wanataka mje wote wawili, ili msije mkasema mnakwenda kuulizana nyumbani. Saa moja na nusu inaweza kuwa saa nne. Muuzaji wa kwanza akishindwa, anakuja wa pili na bei iliyopunguzwa, akisema punguzo hilo ni la leo tu.

Bei ya kampuni kwa wastani inapita dola 20,000. Wengi hawana pesa hiyo mkononi, basi kampuni yenyewe inawakopesha, na riba mara nyingi inapita asilimia 10 kwa mwaka, wakati mwingine sana.

Njia hii ina faida zake, na tuziseme kwa haki. Anayenunua kwa kampuni anapata haki zote zilizo katika mpango: nyumba zote, pointi zote, nafasi ya kubadilishana na nchi nyingine. Pia sheria inamlinda akitaka kurudi nyuma. Florida inampa siku 10 za kufuta mkataba bila sababu na kurudishiwa pesa. Nevada, penye mji wa Las Vegas, inampa siku 5 tu. Ontario, Kanada, ni siku 10. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni siku 14, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata malipo ya mwanzo. Kufuta kunafanywa kwa maandishi, kwa namna mkataba wenyewe unavyoeleza. Kupiga simu hakutoshi.

Kununua kwa mtu anayeiacha

Sasa twende kwenye soko la pili. Watu waliochoka kulipa pesa ya matunzo, wazee wasioweza tena kusafiri, wajane, waliotengana na waume zao, wote wanatafuta wa kuwapokea mzigo. Ndiyo maana juma lililonunuliwa kwa maelfu ya dola unaweza kulikuta kwenye intaneti kwa mia chache. Mengine yanatangazwa kwa dola 1, na bado hayapati mtu.

Hapa ndipo tofauti na parcelle ya kwetu inapoonekana. Mama akinunua kiwanja leo, anatumaini miaka kumi baadaye bei itakuwa imepanda, na kiwanja kitamwokoa siku ya shida. Nyumba ya zamu haifanyi hivyo. Thamani inaanguka siku ile ile unapotia sahihi, kwa sababu sehemu kubwa ya bei ya kampuni ni malipo ya wauzaji, matangazo na zile zawadi. Anayemwambia ndugu yetu kwamba anaweka akiba au anajenga mali, anamdanganya.

Kwa hiyo, kama ni bei tu, soko la pili linashinda. Lakini lina mitego yake.

Kwanza, si haki zote zinazohamia kwa mnunuzi wa pili. Mfano unaojulikana ni wa Disney. Anayenunua pointi zake kwa mtu binafsi tangu tarehe 19 Januari 2019 hawezi kuzitumia katika nyumba mpya za Disney zilizofunguliwa baada ya hapo. Kampuni nyingine zina masharti ya namna yao.

Pili, kampuni nyingi zina haki ya kununua kabla ya mtu mwingine. Mnaweza kupatana na muuzaji, mkangoja majuma kadhaa, kisha kampuni ikasema: tunaichukua sisi kwa bei hiyo hiyo.

Tatu, deni linaweza kufuata nyumba. Muuzaji akiwa hakulipa matunzo ya miaka miwili, mnunuzi ndiye anayeweza kudaiwa. Dawa yake ni barua kutoka kwa kampuni yenyewe, ionyeshe jina la mwenye mali, deni kama lipo, pesa ya matunzo ya mwaka huu, na haki zipi zitahamia. Isiwe maneno ya muuzaji.

Nne, zile siku za kufuta mkataba mara nyingi hazimlindi anayenunua kwa mtu binafsi. Uchunguzi ufanyike kabla ya kulipa, na pesa ipitie kwa ofisi inayoruhusiwa kuishika mpaka majina yabadilishwe. Isitumwe moja kwa moja mfukoni mwa muuzaji.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kufundishia, tuweke namba rahisi. Dada ananunua kwa kampuni kwa dola 20,000, zote kwa mkopo wa miaka 10, riba asilimia 15. Kila mwezi atalipa karibu dola 323. Baada ya miaka 10 atakuwa ametoa karibu dola 38,700. Tuongeze matunzo ya dola 1,200 kwa mwaka bila kupanda hata kidogo: dola 12,000. Jumla ni karibu dola 50,700. Kwa majuma 10 ya mapumziko, kila juma limemgharimu zaidi ya dola 5,000.

Dada wa pili ananunua juma la namna hiyo hiyo kwa mtu, dola 2,000, na gharama za kubadilisha majina dola 600. Matunzo ni yale yale, dola 12,000. Jumla ni dola 14,600, yaani dola 1,460 kwa juma.

Dada wa tatu hanunui kitu. Anapanga juma moja kwa mtu mwenye nyumba ya zamu ambaye mwaka huo haendi. Tuseme analipa dola 1,400. Kwa miaka 10 ni dola 14,000. Lakini mwaka ambao mtoto ameugua, au ambao familia ya huku ina msiba, hapangi, na halipi chochote.

Tukiruhusu matunzo yapande asilimia 5 kila mwaka, kama inavyoweza kutokea, mwaka wa 10 yatakuwa yamefika karibu dola 1,860. Dada wa kwanza na wa pili wote wataulipa. Kodi nayo inaweza kupanda, lakini dada wa tatu ataangalia bei, aseme ndiyo au hapana.

Kwa hiyo shauri letu kwa ndugu ni hili. Apange kwanza, mara mbili au tatu, aone kama kweli familia yake inapata likizo kila mwaka. Akiona anapapenda na kazi yake imesimama, basi anunue kwa mtu, kwa pesa taslimu, na mkataba wenye mwaka wa mwisho. Kununua kwa kampuni kwa mkopo kuwe jambo la mwisho. Kama tayari ametia sahihi na siku za kufuta hazijapita, asingoje kesho.

Matapeli wanaofuata nyuma

Aliyenunua akitaka kutoka, hapo ndipo wezi wanapomngoja. Anapigiwa simu: tumekupatia mnunuzi, lipa kwanza pesa ya kodi na ya karatasi. Akilipa, wanaomba tena. Mnunuzi hayupo. Serikali ya Marekani imetangaza kwamba kati ya 2019 na 2023 watu karibu 6,000 wa nchi hiyo walishtaki kuwa wameibiwa kwa jumla karibu dola milioni 300 katika udanganyifu wa nyumba za zamu za Mexico, na kwamba kundi la wahalifu la Jalisco linahusika. Sheria ya kukumbuka ni fupi: anayedai pesa kabla ya kukuuzia, usimpe. Anayetaka kutoka aanze kuuliza kampuni yake mwenyewe, maana nyingine zina mpango wa kupokea tena.

Na watoto je? Mkataba wa milele unaweza kuwafuata warithi. Kwa kawaida huko mrithi anaruhusiwa kukataa urithi, lakini kwa maandishi, kwa muda uliowekwa, na kabla hajaanza kuutumia. Wazazi waseme wazi kwa watoto wao kwamba mkataba kama huo upo, ili wasije wakautumia mwaka mmoja kwa furaha kisha wakajikuta wamefungwa.

Neno la mwisho, la lugha

Sisi tulio walimu tunaona jambo moja linalotuumiza. Familia nyingi zilizohamia huko zinamtegemea mtoto wa miaka 12 au 13 kutafsiri barua za wazazi. Mtoto anaweza kutafsiri barua ya shule. Hawezi kutafsiri mkataba wa miaka 30, na si haki kumpa mzigo huo, wala kumlaumu baadaye. Sheria za siku 5, 10 au 14 zimewekwa ili mtu apate muda wa kumtafuta mtu mzima anayeelewa.

Basi, ndugu akipiga simu kuhusu jambo hili, tumwulize maswali matano haya, na majibu ayaandike:

1. Pesa ya matunzo ni ngapi mwaka huu, na ilikuwa ngapi miaka mitatu iliyopita?
2. Mkataba unaisha mwaka gani?
3. Juma la namna hiyo hiyo linauzwa ngapi leo na watu wanaoliacha, na linapangishwa ngapi?
4. Nikishindwa kulipa, kampuni inafanya nini?
5. Nina siku ngapi za kufuta, na barua ya kufuta inatumwa wapi?

Akishindwa kujibu hata moja, asitie sahihi siku hiyo. Muuzaji akikataa kungoja hadi kesho, hilo nalo ni jibu.

Vikundi vinavyosoma pamoja siku ya mkutano vinaweza kuirudia hesabu ya wale dada watatu ubaoni, kwa kubadilisha namba. Mama aliyeifanya kwa mkono wake mwenyewe ataweza kuieleza kwa simu, polepole, hata kama ndugu upande wa pili ana haraka.